Jogoo wa Mama Kicheko

Nyumba za wafanyakazi, shamba la kuku,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zenye upendo. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, kifua kimetulia? Sisi huku Mungu ametushika, wazima, ila goti langu bado lina ukaidi wake.

Dada, nimekaa chini nikushukuru. Nilipokupigia simu kuhusu Mama Kicheko, mwokota mayai wangu, sikukueleza vizuri. Kilio kilinizidi.

Hapa kazini huruhusiwi kufuga kuku nyumbani kwako. Ugonjwa hufuata nguo na viatu, ukiingia bandani kuku wote wanakwisha. Ukikamatwa unafukuzwa. Sasa, nilikwenda kumjulia hali Mama Kicheko, ana homa. Tumekaa tu, jogoo akawika nyuma ya nyumba. Mwenzangu akakohoa. Jogoo akawika tena, naye akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nikamwambia, "Mama, kifua hicho kina manyoya."

Hakucheka. Ni mjane, na watoto wake wote wanaitegemea kazi hiyo. Na mimi ndiye msimamizi wake. Nikinyamaza, nahatarisha riziki ya shamba zima.

Wewe ukaniambia, "Kaa naye kwanza kabla hujaenda kwa bosi." Nikakaa naye. Kumbe alianza kufuga tulipoacha kupewa mayai yenye ufa, maana ndiyo waliyokuwa wakila watoto wake. Tukaomba pamoja, tukaenda kwa bosi pamoja, na aliyesema ni yeye mwenyewe, mimi nipo kando yake.

Bosi alikasirika, sikufichi. Lakini alisikiliza hadi mwisho. Daktari wa mifugo akapima kuku wa shamba, wako salama, Mungu ashukuriwe. Mama Kicheko akachinja wake wote, akakaa nyumbani hadi daktari aliporidhika. Juzi amerudi kazini. Na mayai ya ufa tunapewa tena.

Msalimie shemeji, na shangazi, na wanangu wote hapo. Mwambie kitinda mimba nimeipata picha yake, amekuwa mrefu kuliko baba yake.

Nilitaka kufunga, ila hili nikuambie. Jana wafanyakazi wawili wamenifuata wenyewe mlangoni. Mmoja ana bata. Mwingine, fundi wetu wa maji, mwanamume mzima, ameinamisha kichwa: "Bosi mdogo, hivi kanga naye ni kuku?" Dada, tangu nipewe usimamizi, watu hawa wakiniona walikuwa wananyamaza. Nimewavutia viti.

Mungu akulinde, akupe usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na kukuombea.