Majani ya Gapi

Msambweni

Mjukuu wangu Juma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mabibi wengine huwaita wajukuu "mume wangu," lakini mimi naona haya, maana bado navaa sare ya shule. Ndiyo mambo ya kuzaliwa kitinda mimba, dada yangu mkubwa akiwa tayari na wajukuu, nawe mmoja wao. Sote tu wazima, na mbuzi amezaa.

Waniuliza kwa nini gapi wako, hao samaki wadogo wa chupani, wazaa, kisha vitoto havionekani. Huliwa na samaki wakubwa, hata mama yao. Watilie majani ya maji, mengi.

Wangu nililetewa na kaka kutoka bwawa la Ramisi, nikawafuga katika chupa kubwa ya peremende iliyojaa majani. Siku ya kupandishwa bendera mpya ya Uhuru wageni walijaa kwetu. Mama akaiona chupa. "Aibu gani hii! Watasema twafuga kinamasi." Akatia mkono ayang'oe majani, na mle mlikuwa na vitoto vilivyozaliwa asubuhi ile.

Mimi, ambaye wageni wakija nilikuwa nikijificha chumbani na kitabu, nilipaza sauti mbele ya wote: "Mama, yaache! Ndiyo nyumba yao!"

Mama akaduwaa, kisha akacheka. "Kumbe huyu ana sauti!" Akautoa mkono mtupu.

Vitoto vilikaa majanini hadi vikakua, vikatoka vyenyewe. Basi nawe usivichokoe kwa kijiti ili uvione.

Siku hizi wageni wakija, Mama hanivuti mkono nikawaamkie. Husema, "Mwacheni, atatoka." Nami hutoka.

Bibi yako mwenye sare,
Mwanamisi