Gego Bovu na Kahawa ya Mkwe

Kemondo, 31 Mei 1954

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na unisamehe mapema kwa urefu wa barua hii, maana nikianza kueleza sijui niikatie wapi. Mimi naitwa Rwegasira, kwetu ni Muleba, sasa ni karani hapa bandarini, kazi yangu ni kuandika magunia yanayopakiwa melini, nina miaka ishirini na sita na sijaoa, na kilichonifanya nishike kalamu ni jino.

Gego la chini upande wa kushoto lilianza kuniuma wakati wa Kwaresima, nikavumilia, nikaweka karafuu, mama akanifukizia mbegu za mtulatula akisema mdudu atatoka, mdudu hakutoka, na Pasaka ilipopita nikaenda zahanati moja nikamwambia dresa aling'oe. Dresa akaniuliza ni lipi, nikamwonyesha kwa kidole, akasema mbona hili halina tundu, nikamjibu kwamba mwenye maumivu ni mimi, akauliza mara ya pili nikasema hilohilo, basi akang'oa. Mshauri, nilipotoka nje nikaliangalia juani, zima kabisa, jeupe mpaka mizizini, na bovu lililokuwa jirani yake likaendelea kuniuma palepale. Jambo hili sijamwambia mtu mpaka leo, kwa aibu.

Jumapili ya pili baada ya hapo nikapelekwa Rubafu kuposa. Binti anaitwa Anatolia, baba yake ni mzee Kagaruki, na mshenga wangu ni baba mdogo Mwijage, ambaye njiani alinikataza kufungua mdomo mpaka niulizwe, na hasa nisitaje ugonjwa wowote, wasije wakasema wanaletewa mgonjwa. Tulipokwisha kukaa, mzee akaleta akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, akachukua mwenyewe akatafuna kwanza mbele yetu, akampa baba mdogo, akanipa na mimi. Wewe ni mtu wa kwetu, unajua kahawa hiyo inavyopokelewa na maana ya mgeni kuikataa, kwamba anadhani ametiliwa sumu. Nilitia mdomoni punje tatu, nikauma moja tu, ganda likaingia kwenye tundu la lile jino bovu na maumivu yakapanda mpaka sikioni, nikajifanya nakohoa nikazitema zote kwenye leso na leso nikaitia mfukoni. Nilidhani hakuna aliyeona. Lakini wakati wa kuaga nilipoinama kumpa mzee mikono, leso ilianguka, na punje mbili nzima zikatawanyika juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni.

Mzee Kagaruki aliziangalia kwa muda, kisha akamwambia baba mdogo, wala hakupandisha sauti, "Kijana wako ameiogopa nyumba yangu. Mrudishe kwao."

Baba mdogo amerudi Rubafu mara mbili kuomba radhi, akasema mimi ni mshamba tu sikufundishwa, mzee akazidi kukasirika kwa sababu hakuna Mhaya asiyefundishwa hilo. Mwishowe amekubali kutusikiliza mara moja tu, Jumapili inayofuata Pentekoste, baada ya hapo atawajibu watu wa Rwamishenye ambao nao wameleta posa. Na siku tisa zilizopita Anatolia alinitumia karatasi kwa mkono wa kaka yake. Aliandika hivi: "Kahawa ile niliichemsha mimi na kuianika mimi. Kama uliogopa, basi uliogopa mikono yangu. Niambie kama ndivyo." Nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo na sijajibu, sijui nianzie wapi.

Sasa jino lenyewe. Wiki iliyopita nilikwenda Bukoba kwa yule daktari wa meno anayekuja kwa meli, akaangalia kwa kioo, akasema mizizi bado ina nguvu, anaweza kulichimba kwa mashine yake anayoiendesha kwa mguu na kuliziba, ila nirudi mara tatu, au aling'oe sasa hivi yaishe, nichague mimi. Nikamwambia nitafikiri, nikatoroka. Mama anataka tufukize tena, baba mdogo anataka ling'olewe kabla ya Jumapili hiyo ili nikatafune kama mwanamume mzee aone, wenzangu wa bandarini wanasema jino lililozibwa huozea chini kwa chini mpaka likala taya, na mimi niliyechagua mara moja kwa kidole changu mwenyewe sikiamini tena kidole hicho. Nichague lipi, Mshauri, na nifanyeje nisimkose Anatolia, maana nampenda kweli na usingizi umenitoka.

Ni mimi ninayeumwa,
Rwegasira


MSHAURI GAMALIEL ANAJIBU

Rwegasira mwanangu, pole. Pole ya jino lililobaki na pole ya lililokwenda bila kosa. (Wasomaji, majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo msianze kuwakagua makarani wa Kemondo midomoni.) Nilipofika penye kidole nilicheka, halafu nikaacha, kwa sababu mimi mwenyewe nimebaki na meno tisa, na matano kati ya yaliyong'olewa nilimlazimisha mtu ayang'oe wakati alikuwa ananikataza. Maumivu ya jino yanatembea. Yanaanzia huku na mtu anayasikia kule, na ndiyo maana dresa alikuuliza mara mbili. Ulikosea kutomsikiliza, lakini hukufanya ujinga ambao wengine hatujaufanya.

Kabla ya kukujibu nilikwenda kukaa kwenye benchi pale anapotibia daktari huyo, nikawauliza waliokuwa wakingoja wanataka nini na kwa nini. Mama mmoja aliyetembea tangu alfajiri alitaka kung'oa, kwa sababu hawezi kukiacha kibanja chake cha migomba na watoto mara tatu, na mimi siwezi kumlaumu. Mzee mmoja alitaka kung'oa kwa sababu hapendi mlio wa mashine. Mwalimu mmoja alitaka kuziba, maana jino lake ni la mbele na wanafunzi wana macho. Mwingine alizibwa mwaka juzi, akafungua mdomo akanionyesha, taya lake liko palepale na mahindi ya kuchoma anakula. Wenzako wa bandarini waambie wapakie magunia.

Kila mmoja kwenye benchi lile alichagua kwa kufuata maisha yake. Wewe unataka kuchagua kwa kufuata maisha ya baba yako mdogo. Kemondo hadi Bukoba malori yanapita kila siku, mara tatu hazikushindi. Upande huo umekwisha kupoteza gego moja zima, ukiondoa na la pili utakuwa unatafunia upande mmoja mpaka uzeeni, nami nakuambia kwa kuwa ndivyo ninavyokula. Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeziba. Na ukifika kwa daktari mweleze habari ya jino ulilong'oa kwa makosa, yote, bila kuona haya. Kisha kidole kiweke mfukoni, yeye ndiye atafute kwa kioo chake.

Lakini usiende wiki hii. Soma vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo mshenga wako anapotaka kukuponza. Ukifika Rubafu ukiwa umekwisha kung'oa, au umekwisha kuziba, ukatafuna kahawa kwa raha mbele ya mzee Kagaruki, atajua nini? Atajua kwamba unaweza kutafuna. Na kama unaweza leo, basi na siku ile uliweza, ila hukutaka. Utakuwa umekwenda kumthibitishia kwamba ulimtusi. Nenda na jino bovu hivyohivyo. Meza dawa ya maumivu upate usingizi, sukutua kwa maji ya chumvi, vumilia mpaka Jumapili. Ikiwa shavu litavimba au homa itakushika, usingoje chochote, kimbia hospitali, na mzee aitwe akuone hukohuko wodini.

Kwa mzee, mwache baba mdogo asalimie, halafu uombe ruhusa useme mwenyewe. Mwite baba kwa Kihaya, useme, "Tata, siku ile sikuogopa. Niliumwa na nikaona haya kusema." Fungua kinywa aone pengo na aone tundu. Mkwe hakatai mtu kwa sababu ya gego. Angekuwa anakataa, Bukoba nzima tungekuwa hatujaoa. Atakapokupa akamwani, tafunia kulia, polepole, umeze. Ukitokwa na machozi usiyafute.

Baba mdogo Mwijage naye asikie hili: kumfichisha kijana ugonjwa mdogo ndiko kulikoleta ugomvi mkubwa. Ulimfungia mdomo mtu ambaye neno moja tu lingemtosha, kisha ukaenda kwa wakwe ukamwita mshamba. Nia yako ilikuwa njema na najua miguu yako imechoka. Safari hii kaa, mwache aseme.

Sasa nikugombeze kidogo, Rwegasira. Umeniandikia anachotaka mama, anachotaka baba mdogo, wanachosema wapakizi, na mimi mtu usiyenijua umenijazia karatasi nne kwa wino mzuri. Anatolia hajapata hata mstari mmoja. Yeye hakukuuliza habari za kuziba wala za kung'oa. Jibu hili nimempa dereva wa lori nakala akuletee mkononi, gazeti lisikukute umechelewa. Ukiisha kulisoma usiende kazini kwanza. Kaa umwandikie, umweleze jino lote tangu Kwaresima, pamoja na lile la kidole, ajue ukweli kabla ya baba yake. Zaidi ya siku tisa sasa binti wa watu anaitazama mikono yake akijiuliza imekosa nini.