Tundu Kwenye Paa la Gari la Bwana Koki

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichomwonyesha afisa. Mtaani naitwa Mama Mwiko.
Umri: Miaka 58
Kazi: Mpishi wa bweni la shule
Makazi: Nyumba ya tatu kutoka kona, mkabala na karakana ya kuchomelea vyuma

Nimefika kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Jirani yetu mchomeleaji, Fundi Cheche, yuko mahabusu tangu jana kwa kosa ambalo hakulifanya, na aliyemshtaki ni mume wangu.

Mume wangu ni fundi bomba mstaafu, wanamwita Bwana Koki. Huu ni mwezi wa nane tangu aanze kugeuza basi letu dogo liwe gari la safari, la kulala na kupikia humo humo. Paa la bati alilitoa, akainua jingine la plastiki ili asimame wima. Kitanda kinakunjwa, meza inakunjwa, jiko la gesi linavutwa kama droo. Sheria yake ni kwamba kila chombo kiwe na kazi mbili, la sivyo kinashuka. Kopo langu la chumvi lilishushwa kwa sababu kazi yake ni moja. Nimewapikia watoto mia tatu kwa miaka ishirini na sita, leo fundi bomba ananipangia vijiko. Nimechoka, na naomba iandikwe hivyo.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumamosi, saa 4:10 asubuhi, gari likiwa uani kwetu, tulifanya jaribio la kupika kabla ya safari ya Jumatatu. Niliinjika maharage kwenye sufuria ya presha. Mume wangu alikuwa chini ya gari akikaza mpira wa maji. Baada ya muda niliona sufuria iko kimya, haipumui kama kawaida. Nikamuuliza, "Mbona hii haitoi sauti?" Akanijibu kutoka huko chini, "Nimeshaitengeneza, mama. Haivuji tena."

Sikumtilia maanani. Kwa miezi minane nimejizoeza kutomsikiliza, na wakati huo nilikuwa nimekasirika kwamba nikitaka chumvi lazima niifuate ndani ya nyumba. Niliingia jikoni, nikachukua kopo. Nilipokuwa mlangoni natoka ndipo neno lake liliponiingia akilini. Nilifungua mdomo nimwambie azime gesi. Ilikuwa saa 4:35.

Mlio ule sitaki kuueleza. Paa lilitoboka tundu la ukubwa wa sahani, na maharage yalitapakaa hadi kwenye usukani. Mume wangu alitoka chini ya gari mzima. Alitazama tundu, akatazama karakana ya jirani, akasema, "Cheche ametutupia chuma." Wiki iliyopita waligombana, kwa sababu Cheche alikataa kumtobolea paa aweke tundu la kutolea moshi.

Askari walifika saa 5:30 wakamchukua Cheche akiwa bado na miwani yake ya kazi. Aliniangalia, akasema, "Shemeji, si unaniona sijatoka kazini?" Sikumjibu. Bado nilikuwa nimeshika chumvi. Hilo la kutomjibu nalionea aibu.

Leo saa 1:15 asubuhi mke wa Cheche alibisha hodi akiwa na kifuniko cha sufuria. Alikikuta juu ya banda lao la kuku. Hakunitukana, ingawa angekuwa na haki. Alisema tu, "Mama Mwiko, nadhani hiki ni chenu." Matundu ya kutolea mvuke yalikuwa mawili. Yote yamezungushiwa tepu nyeupe ya bomba na kukazwa kwa nati. Nilimpelekea mume wangu mezani. Alikigeuzageuza, akajaribu nati moja kwa kidole, akasema, "Bado imekaza." Nilikichukua nikaja nacho hapa.

Nimesomewa niliyoyasema, na nimeomba neno moja lifutwe. Afisa aliandika kwamba mume wangu alizembea. Hakuzembea. Aliona kitu kinavuja akakiziba, tena vizuri, kama alivyofanya maisha yake yote. Kama kopo la chumvi lingekuwa garini, nami ningekuwa garini.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sina la kuongeza wala la kupunguza. Naomba Cheche aende nyumbani.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa na kusomwa mbele ya shahidi leo tarehe 15, saa 3:20 asubuhi. Kifuniko kimepokelewa kuwa kielelezo. Mlalamikaji alifika saa 3:45, akaonyeshwa maelezo haya, kisha akafuta malalamiko yake. Mchomeleaji ameachiwa saa 4:05. Mlalamikaji ameomba shahidi aambiwe kwamba chumvi imerudishwa garini. Shahidi ameambiwa. Amesema amesikia, akaondoka kwa miguu pamoja na mchomeleaji.