Mlango Uliomshinda Mtakatifu

Wisconsin, 14 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya Krismasi ilisema kifua kinakubana asubuhi. Je, kimeachia? Sisi huku ni wazima. Maricruz anakusalimu sana, na mjukuu wako Dayana anakusalimu. Ameanza kusoma, na sasa ananisahihisha Kiingereza changu mbele ya watu.

Najua sikio lako halielewani na simu, ndiyo maana naandika. Chencho wa vifurushi anaondoka Jumamosi na gari lake kuvuka mpaka kuja huko milimani, nami sitaki aje mikono mitupu.

Baridi ya mwaka huu inauma mpaka kwenye meno. Kinyesi cha ng'ombe kinaganda, tunakivunja kwa sululu kama mawe. Ng'ombe wenyewe hawajali. Wanataka kukamuliwa, iwe Pasaka, iwe msiba. Mikono yangu asubuhi haifunguki, naiweka kwanza kwenye kiwele chenye joto ndipo vidole vinakumbuka kazi.

Jumapili Bwana Dale, mwenye shamba, huvaa koti lake zuri na kwenda kanisani na mkewe, nasi tunabaki kukamua. Siku moja nilimsimulia habari za mtakatifu wetu Isidro, yule mkulima aliyekuwa akipiga magoti kuomba huku malaika akimlimia shamba. Akacheka sana. "Nitafutie na mimi malaika wa namna hiyo, Leo." Ndivyo anavyoniita; Eleuterio linamchosha ulimi. Nikamwambia, "Unao sita, na wote wametoka kwetu Veracruz." Akaniambia nikaangalie maji ya ndama.

Si mtu mbaya. Pale uani kwake kuna bango la kampeni la wale walioahidi kutuondoa sisi wote tusio na karatasi za kuishi hapa. Upepo uliliangusha, akaniomba nilisimamishe. Nililisimamisha, nikalipigia misumari imara, maana sijui kufanya kazi nusunusu.

Niambie, mlango umefika salama? Chencho aliapa kwamba aliufunga kwa blanketi. Ule ulikuwa mlango wa mbele wa nyumba ya Bwana Dale tangu enzi za babu yake. Walipoweka mwingine wa chuma, mke wake alitaka uchomwe, nikauomba. Mwambie fundi wa ile nyumba yangu huko ajenge ukuta wa mbele kwa kuufuata mlango, asiukate hata kidogo.

Mwanao,
Eleuterio

Tlaxitla, 9 Februari

Mwanangu Eleuterio,

Marahaba. Kifua kipo, nami nipo, tunasukumana. Wasalimie Maricruz na mtoto. Picha yake nimeibandika karibu na ya marehemu mama yako. Wana paji la uso moja.

Mlango ulifika bila mkwaruzo. Fundi ameujengea ukuta kama ulivyosema. Watu wanakuja kuutazama, wanagusa ile rangi ya kijani, watoto wanabandika pua kwenye kioo mpaka nachoka kukifuta. Nyumba ya zamani tuliibomoa kupata nafasi, kwa hiyo sasa nalala ndani ya jasho lako, na ni nyumba nzuri.

Sasa kaa chini usome. Mwaka ule ulipoondoka nilikwenda kwa wazee nikaomba zamu kwa jina lako, uwe mlezi wa sanamu ya Mtakatifu Isidro. Sikukuambia. Foleni ilikuwa ndefu, nikadhani ukirudi itakuwa haijafika. Foleni imefika kabla yako. Tarehe kumi na tano Mei mtakatifu anatoka kwa Quiahua, mlezi wa sasa, na kuja kukaa mwaka mzima kwako.

Wazee walikuja kuangalia atakapoingia. Unajua machela yake, wanaume wawili mbele, wawili nyuma, bega kwa bega. Unajua pia kwa nini milango ya kwetu ina mabawa mawili. Don Porfirio, mkubwa wa wazee, akapima kwa kamba, akapima tena, akanitazama. "Fidencio, mwanao amejenga nyumba ya kuingia mtu mmoja mmoja."

Nikasema tutamlaza ubavu. Akasema, "Anayeingizwa kwa ubavu ni mtakatifu wa kuibwa."

Nikasema basi tumpitishe dirishani. Mke wa Don Porfirio akaangua kicheko, kumbe mimi sikuwa natania, ndipo wakajua nimezeeka.

Dawa ni kubomoa ukuta wa mbele na kuutoa mlango wako. Sitaubomoa bila wewe kutamka. Na fimbo ya ulezi hupokelewa na mwenye nyumba. Wa badala huruhusiwa, lakini watu huuliza, na mimi nimechoka kujibu. Njoo upokee fimbo yako. Umekaa huko zaidi ya miaka kumi. Ng'ombe wa watu watakamuliwa na watu.

Baba yako

Wisconsin, 18 Machi

Baba,

Shikamoo. Namwomba Mungu barua hii ikukute umekaa juani, si kitandani.

Barua yako niliisoma nikiwa bandani, nikaisahau mfukoni, ikalowa maziwa. Maricruz aliianika juu ya jiko. Akaisoma yote. Alikwenda kumsuka Dayana nywele, na mtoto alikuwa tayari ameshasukwa.

Nitakwambia bila kuzungusha. Kuja ni rahisi. Napanda basi, nafika. Kurudi huku ndiko hakuna. Nilipovuka mara ya kwanza mtu alikuwa anapita jangwani kwa miguu na chupa ya maji. Siku hizi wanaopitisha watu ni majambazi, na wakishakushika wanampigia mkeo simu kudai fedha. Dayana amezaliwa hapa, ni wa hapa kisheria. Nikija, namwacha. Nikimleta, anaacha shule na kila anachokijua, aje kujifunza kuchota maji. Ningekuwa peke yangu, ningekuwa njiani saa hii.

Nilimwambia Bwana Dale kwamba huenda nikaondoka. Alikaa juu ya ndoo. "Leo, ukienda wewe, Tomasi na wakamuaji wengine nao watakwenda, halafu nitauza ng'ombe." Nikamwambia aajiri watu wa hapa. Alisema alitangaza mpaka kanisani, akaja kijana mmoja, akala chakula cha mchana, hakuonekana tena. Kibali cha kuleta wafanyakazi wa msimu hakimfai, maana ng'ombe hana msimu.

Lakini kuna upande mwingine, na wewe hukunifundisha kuficha. Dereva wa lori linalobeba maziwa anaitwa Gary. Zamani alikuwa mkamuaji hapahapa. Juzi tukisubiri tangi lijae aliniambia, "Unajua nilipokuwa nasimama hapo uliposimama, Leo, nilikuwa na bima ya matibabu?"

"Ikaenda wapi?"

"Mlikuja nyinyi. Hamkuiomba."

Ni kweli, Baba. Sikuiomba. Nilipewa kitanda na kazi, nikashukuru.

Nikamwuliza, "Tukiondoka sote, wewe utarudi kukamua?"

"Wakilipa mara mbili."

"Na kuamka alfajiri?"

"Hapo ndipo penye shida. Aliyekuwa akiniamsha ameshaniacha."

Tukacheka wote wawili, akanipa sigara. Simchukii. Maziwa dukani hapa ni rahisi kuliko soda, na nadhani tofauti hiyo inatoka kwenye bega lake na langu.

Kuhusu ukuta, nipe muda. Ule mlango ndio kitu pekee cha nchi hii nilichopewa kwa mkono. Naona aibu kusema hivyo mbele ya mtakatifu, lakini ni hivyo.

Mwanao,
Eleuterio

Tlaxitla, 10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ninaandika kidogo kwa sababu nikiinama nakohoa.

Nimekuelewa kuhusu mtoto. Nilikasirika, nikatoka nikaenda mpaka mtoni, nikarudi nimekuelewa. Nitapokea fimbo kwa jina lako. Don Porfirio amekubali, ila anataka kujua ukuta utakuwaje, na wanawake wanataka kujua wasage mahindi kiasi gani ya tamale, ile mikate ya sikukuu. Quiahua anasema kama mtakatifu hana pa kuingia, atabaki kwake mwaka wa pili, na zamu yetu imekwenda, tusahau.

Mwezi umebaki. Sema neno moja tu. Nibomoe au nisibomoe.

Baba yako

Kizuizini, Wisconsin, 4 Mei

Baba,

Shikamoo. Usishtuke kwa mahali ninapoandikia. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, mgongo umepumzika kuliko mwaka wowote, na ninaona haya kwamba umepumzika.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na jibu moja asubuhi na lingine jioni. Halafu siku ile nilikuwa nampeleka Dayana kwa daktari wa meno. Taa moja ya nyuma ya gari ilikuwa imekufa. Unajua hapa mtu asiye na karatasi hapewi leseni, lakini daktari yuko mbali, na basi hakuna. Tumezoea hivyo, tunaendesha taratibu, tunasali. Polisi wa wilaya akanisimamisha. Alikuwa na adabu. Alimwuliza Dayana, "Baba yako anaitwa nani?" Mtoto akajibu majina yangu yote, kama alivyofundishwa shuleni. Mtu asimlaumu, Baba, na yeye asijilaumu. Namwambia hivyo kila simu. Mkono wa polisi huyo ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto wakati wenzake wananifunga pingu, anambembeleza.

Bwana Dale alikuja kuniona. Tuliongea kupitia kioo, kofia ameishika mapajani. Alisema, "Wale wa bango hawakukusudia watu kama wewe, Leo."

Nikamwuliza, "Watu kama mimi ni akina nani?"

Akaangalia kofia.

Tomasi na wenzake wamekimbilia kwa ndugu zao, wanaogopa. Gary anakamua sasa. Amedai mara mbili, na bima, amepewa vyote. Anasema ng'ombe hawampendi, wanambania maziwa. Anamletea Maricruz maziwa mlangoni, anaweka chini, anaondoka bila kubisha. Lakini mtu mmoja hawezi zizi lile. Nusu ya ng'ombe wanauzwa. Bwana Dale aliniambia huku anatafuta mahali pa kutazama, na kwenye chumba kile hakuna.

Sasa sikiliza. Wamenipa karatasi ya kukubali kuondoshwa. Nikiisaini, wananipandisha ndege, na wiki ijayo nitakuwa kwenye daraja la mpakani, Reynosa. Nitawahi sikukuu. Nitaingia Tlaxitla na miguu yangu na kupokea fimbo kwa mkono wangu. Nisiposaini, nitangoja humu mpaka hakimu asikilize kesi. Wakili wa kanisa anasema nina miaka ya kutosha ya kukaa hapa na mtoto wa hapa, kwa hiyo pengine nitashinda. Nilimwuliza pengine ni kiasi gani. Akasema, "Pengine." Inaweza kuchukua miezi, inaweza kuzidi mwaka.

Niliishika kalamu, Baba. Ninakuambia ili ujue kwamba niliishika. Niliona hata vumbi la njia ya kwetu. Kisha nikaona kile kiti cha nyuma cha gari na Dayana amekaa juu ya mikono yake.

Sikusaini.

Bomoa. Toa mlango, toa na fremu, panua mpaka machela ipite bila mtu kukunja bega. Waambie wanawake wasage mahindi mengi. Maricruz atampa Chencho barua hii ikimfikia, naye Chencho ameapa kuendesha bila kulala.

Nisamehe kwamba fimbo ni nzito.

Mwanao,
Eleuterio

Tlaxitla, 20 Mei

Mwanangu Eleuterio,

Marahaba, popote ulipolala leo.

Chencho alifika siku mbili kabla ya sikukuu, macho mekundu kama pilipili. Nilisoma barua yako nimesimama. Kisha nikachukua nyundo. Don Porfirio alininyang'anya, akanikalisha kwenye kiti uani, wakaja vijana wa Quiahua na wa jirani yetu Colohua, kila mtu akapiga pigo lake. Fundi uliyemlipa alisimama pembeni anasikitika, maana ukuta wake ulikuwa mgumu kubomoka. Nilimsifu kwa hilo.

Tarehe kumi na tano fahali walivalishwa maua pembeni mwa pembe, wakatangulia. Mtakatifu akaja nyuma yao na machela yake, watu wanne bega kwa bega, akaingia nyumbani kwako ameangalia mbele. Nafasi ilibaki pande zote mbili. Walipotaja jina la mlezi walitaja lako, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Kila nyumba hapa ina mtu wake huko. Mimi nilipokea fimbo nimekaa. Ni kweli ni nzito, lakini watu waliishika pamoja nami.

Altare niliyokuwa nimeandaa ilikuwa fupi kwa mtakatifu na ng'ombe wake na malaika wake. Basi tuliulaza mlango wako juu ya matofali yaleyale ya ukutani, wanawake wakataka kuutandika kitambaa, nikakataa. Isidro amesimama juu ya ile rangi ya kijani. Mwambie huyo Bwana Dale, kama anakuja tena na kofia yake, kwamba mlango wa babu yake unafanya kazi.

Sijui wapi nikuelekezee barua. Chencho anasema pale ulipo hawapokei vifurushi, na huenda wamekuhamisha. Atampa Maricruz, naye atajua.

Fundi anauliza kila siku ataliziba lini pengo la ukuta. Don Porfirio naye ameuliza. Nimewaambia nyumba hii ina watu watatu ambao bado hawajaingia, na mmoja ni mtoto ambaye hajui kuingia kwa kusukumana. Mvua zimeanza. Nimetundika turubai, na maji yanapita chini yake mpaka miguuni mwa kitanda changu. Nimekisogeza kitanda.

Baba yako