Risasi Iliyopungua Kwenye Mkuku

Mtanda,
Lindi.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa binamu yangu Valerian,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku pwani. Hujambo wewe? Shemeji Benadetha na watoto hawajambo? Na baridi ya Tunduma bado inakung'ata masikio? Sisi huku ni wazima, ila goti langu la kushoto limeanza kudai uzee. Mama yako, shangazi yangu, macho yamepungua nguvu lakini mdomo uko palepale. Juzi alinifokea mbele ya wageni kwamba navaa kama mtu aliyefukuzwa kwake. Kwa hiyo ujue ni mzima.

Utashangaa kuona barua ya karatasi. Simu nimejaribu, bwana. Kila nikitaka kusema la maana unaniambia uko barabarani na lori, au mtandao unakatakata. Sasa kaa chini, soma mpaka mwisho, halafu ndiyo unitukane. Sisi ni watani, matusi yako nimeyazoea tangu utotoni.

Unazikumbuka zile mashua mbili za kambini tulizoziendesha mimi na wewe? Najua hupendi zitajwe. Mimi ninazo moyoni kila siku, nyeupe juu, nyekundu chini, na ule mkuku wa chini ya mashua, mzito wa madini ya risasi, unaoshuka majini kama nundu ya ng'ombe iliyogeuzwa. Zilitoka kwenye kalibu moja, na sheria yake ilikuwa mtu asiongeze wala kupunguza kitu, hata msumari, ili katika mashindano ashinde mtu na siyo mashua. Yako namba nne, yangu namba saba, na namba zenyewe zilikuwa kwenye matanga tu. Matanga yakishushwa, hata sisi wenyewe tulichungulia ndani kuona kofia ya nani iko kitandani.

Halafu ile safari ya Kilwa Kivinje, yule mzungu mwenye kambi ya wageni alipotukabidhi namba nne kwa siku nne ili tuzoee kulala baharini! Kile kijumba cha ndani hakimruhusu mtu mzima kusimama. Uligonga kichwa mara tatu asubuhi moja, ukaitukana mashua kwa Kimwera, kisha ukaiomba radhi ukiisugua ubavuni. Pweza tuliyemnunua Kivinje tulimchemsha kwenye sufuria ya chai, na chai ikanuka pweza mpaka tunarudi Lindi. Ulisema ukistaafu utahamia humo ndani moja kwa moja. Nilikucheka sana. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Ya mashindano unayajua, lakini acha niyaseme, maana ndiyo yanayoniandikisha. Kambi ilikuwa na nafasi moja ya nahodha na sisi tulikuwa wawili. Mzungu akasema mashua ni sawa, basi atakayetangulia ndiye. Tulizunguka mara tatu, kutoka gati mpaka boya la upande wa Kitunda na kurudi. Upepo siku ile ulikuwa hafifu, matanga yanapumua tu. Nikakushinda kwa urefu wa mashua moja. Ulinipa mkono, na wiki haikuisha ukapanda basi. Pale stendi uliniambia kwamba mimi ndiye mwenye mkono wa usukani, wewe huna. Neno lile nimelivaa kama nishani miaka ishirini na miwili, Valerian. Nimewasimulia wageni, nimewasimulia wakwe, nimemsimulia kila aliyekaa karibu nami baa.

Na wewe hukugusa tanga tena. Ulikuja mara moja tu kumzika baba yako, siku mbili, wala hukushuka ufukweni.

Sasa sikia. Desemba hii mashua zote za aina ile zilizobaki pwani yetu zinakutana Tanga kushindana, na binti yangu Debora ndiye atakayeshika usukani wa namba saba. Kabla ya hapo lazima kila moja ipimwe uzito. Namba nne, ile yako, iliuzwa huko Tanga zamani, na imepimwa ikakutwa kamili. Mwezi uliopita mpimaji akaja kwetu. Tukaining'iniza namba saba kwenye winchi, na mimi nimesimama pembeni na kifua mbele. Ikakosa kilo ishirini na tatu.

Mpimaji akaugongagonga mkuku kwa nyundo, akakwangua rangi. Upande wa nyuma, juu, kuna pengo refu lililochongwa kwa patasi, likajazwa bodifila ya gereji na kupakwa rangi nyekundu vizuri kabisa. Akasema ni kazi ya zamani sana. Nilijua hapohapo ni mkono wa nani. Mzee Shamte, yule fundi aliyewatengenezea wavuvi chubwi za kuzamisha nyavu, nani mwingine alikuwa na haja ya risasi? Nilirudi nyumbani nikimlaani marehemu wa watu njia nzima.

Shangazi alikuwa uani anamenya muhogo. Aliniacha nikafoka mpaka nikachoka, kisha akaweka kisu chini akasema, "Mwache Shamte alale. Nilimtuma mimi."

Valerian, ndugu yangu, nisome polepole hapa. Mama yako alikuwa anaogopa. Alijua ukishindwa utaondoka. Aliwahi kuwasikia wavuvi wakisema mashua nyepesi hukimbia upepo ukiwa mdogo, akamwomba Shamte apunguze risasi kwenye mashua yako, na risasi yenyewe iwe ujira wake. Ilikuwa Jumapili, mimi na wewe tuko kanisani. Alimwelekeza kwamba ya mwanawe ni ile inayokaa upande wa gati. Na kweli yako ilizoea kukaa pale. Lakini Jumamosi ile wewe ulitangulia kutoka majini, ukaipandisha yako upande wa pili kwenye kivuli, yangu ikabaki upande wa gati. Matanga yote yalikuwa stoo. Mzee wa watu akachonga ile aliyoonyeshwa.

Jumatatu yake tukashindana.

Shangazi alikuja kuijua kweli siku ileile jioni, Shamte alipokuja kumpongeza kwa ushindi wa namba saba. Tangu hapo amekaa na jambo hili peke yake. Hakumwambia baba yako, hakumwambia padri. Nililia, nakuambia bila aibu, mtu mzima na mvi zangu, nimekaa juu ya kinu uani. Nilimlilia yeye na nilikulilia wewe, na hasira nilikuwa nayo pia, sikufichi. Siku tatu sikula chakula chake.

Halafu nikaanza kupiga hesabu za baharini. Wewe ulibeba kilo ishirini na tatu zaidi yangu, upepo hamna, mizunguko mitatu, nikakuacha urefu wa mashua moja tu! Sijui ulifanyaje. Mimi nisingeweza wakati ule, na sasa hivi siwezi.

Pengo bado liko wazi. Nimemwambia fundi asimimine risasi mpya mpaka ulione kwa macho yako, lakini Novemba ikiisha lazima tulizibe.

Mama yako amekaa mkekani hapa, ananiuliza nimefika wapi. Ameniruhusu nikuandikie yote haya. Moja tu amenikataza, nisikuombe uje, kwa kuwa anasema hana uso wa kukuita. Sawa, yeye hajakuita. Ninayekuita ni mimi. Njoo, Valerian. Ana miaka sabini na tisa, na kila lori likipunguza mwendo hapa barabarani ananyamaza kwanza asikilize.

Nisalimie sana shemeji Benadetha na mwanao Lukas. Mke wangu Theresia anakusalimu, Debora naye anakupa shikamoo, baba yake mkubwa asiyemjua vizuri. Mungu akushike mkono kwenye mteremko wa Kitonga na kwenye barabara zote, akulete kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi nikupendaye, binamu yako uliyemshinda,

Sipriani