Anakokwenda Mzee Kila Ijumaa

Jumanne, 4 Juni 1974

Ukungu tangu alfajiri. Maharage hayakauki. Nimeyatandaza ndani karibu na moto, nyumba yote inanuka maganda. Mzee kaswali, kanywa uji, katoka. Anapitia nyumba zake kumi, ndiyo kazi ya balozi. Kila anakopita kuna lawama. Nyumba mpya inavuja. Shamba limebaki mbali, kule mtu alikotolewa. Anawasikiliza wote. Ana masikio mema.

Naandika kwa mazoea tu. Miaka yangu ya ukunga pale zahanati nilimaliza kila zamu kwa kuandika: nani kajifungua, nani kavuja damu, nani kafa. Sasa hakuna anayejifungua mbele yangu, ila mkono bado unataka kalamu.

Tangu Idd mimi ni mke wa mtu tena. Na uzee huu! Binti yangu Rukia, aliyeko Tanga, alicheka, halafu akalia, halafu akatuletea blanketi zito la kijivu. Mume wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, nilichaguliwa. Huyu nimemchagua mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na meno yangu karibu yote. Baridi ikizidi huichukua miguu yangu akaibana katikati ya miguu yake bila kuombwa. Sikujua kama raha ya namna hii ipo. Ndiyo maana naiogopa.

Ijumaa, 7 Juni

Sala ya Ijumaa ilikwisha, wanaume wakapita hapa mlangoni wakirudi makwao. Wangu hakupita. Kafika jua linazama. Nikamuuliza, akasema ni mambo ya ubalozi.

Viatu vyake vina udongo mweusi. Wa huku kwetu mwekundu. Mweusi uko juu, msituni, na huko hakuna nyumba tena. Watu wote wa kule walishushwa na serikali waishi barabarani mwaka huu huu, na Mzee mwenyewe ndiye aliyepita kuwahimiza. Sasa ubalozi wa nani?

Hii si Ijumaa ya kwanza. Nimevisafisha viatu.

Jumapili, 9 Juni

Zaina! Nimekaa naye kutwa nzima na koo limekauka kwa kucheka.

Tulikua pamoja. Tulipovunja ungo tuliwekwa ndani pamoja, tukafundwa pamoja, tukafinywa na somo yule yule. Kisha akaolewa Korogwe, kwenye mkonge, na huo ukawa mwisho. Sasa ni mjane. Mwanawe Salimu amepewa ukatibu wa kijiji hapa, ndipo akamleta mama yake. Kanenepa. Macho yale yale. Alinishika mikono kama anayepima kama kweli ni mimi.

Tumekula ndizi za kupika, tumeswali adhuhuri bega kwa bega, tumewataja waliokufa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Uzeeni nimepewa mume na nimerudishiwa rafiki.

Alipokuwa akiondoka akaniuliza Mzee yuko wapi. Nikasema katembea. Akasema, “Mwanamume wa umri ule haipandi milima bure, shoga.” Akacheka. Nikacheka pia. Alipokwisha kuondoka sikucheka tena.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbaya. Hakuna lililotokea. Mzee kapasua kuni, kanisomea Yasin kwa sauti yake ile nzuri, nami namtazama mdomo na kujiuliza: na huko juu anamsomea nani?

Nimefikiri hivi. Mwanamke aliyefichwa. Labda mjane kijana ambaye hakutaka kuhamia barabarani. Nani atamzuia balozi? Yeye ndiye aliyesema watu wake wote wameshuka.

Ijumaa, 14 Juni

Blanketi la Rukia halipo.

Nimepekua kila mahali. Asubuhi lilikuwa kitandani. Mzee katoka kwenda msikitini na kikapu chake kikubwa, akasema atapitia kuchuma majani ya mbuzi. Karudi kikapu kitupu, hata jani moja hana. Nikauliza habari za blanketi. Akasema kampa mwenye shida. Nikauliza nani. Akasema, “Mama Rukia, mambo mengine mwachie Mungu.”

Mambo ya blanketi langu nimwachie Mungu!

Nimemgeuzia mgongo. Miguu yangu ilikuwa ya baridi na niliiacha iwe hivyo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda kwa Zaina, nimemwaga yote. Udongo mweusi, blanketi, kikapu, njia ile ya kupandia nyuma ya shamba la viazi. Nililia. Sikuwahi kulia mbele ya mtu tangu nimzike mume wangu wa kwanza. Zaina alinipangusa kwa upande wa khanga yake. Akaniuliza tena njia yenyewe ni ipi hasa. Nikamweleza.

Akasema Ijumaa nimfuate Mzee nikaone kwa macho yangu. Afadhali kujua.

Kweli. Afadhali kujua.

Ijumaa, 21 Juni

Nimejua.

Nilimfuata. Nilijifunga kaniki nisionekane kwa mbali, nikaacha atangulie hadi kikofia chake kikamezwa na ukungu. Magoti yalinilalamikia njia nzima. Nilikuwa nimeyapanga maneno nitakayomwambia huyo mwanamke. Mabaya. Siyaandiki.

Juu kule ni mahame matupu. Nyumba zimeezuliwa, migomba imebaki peke yake. Mwisho kabisa, ukingoni mwa msitu, kibanda kimoja kina moshi. Nikasikia kikohozi. Nimefanya kazi zahanati, nakijua kikohozi cha mwanamke na cha mwanamume. Kile kilikuwa cha mwanamume, mzee, kifua kimejaa.

Ni Mzee Mdoe. Amelala juu ya majani, amefunikwa blanketi langu. Mume wangu amepiga magoti anamlisha uji kwa kijiko. Waliingia jandoni pamoja, walisoma madrasa moja. Nilidhani ameshuka kama wengine, amekwenda kwa ndugu zake Mtae. Ndivyo Mzee alivyotuambia sote.

Mzee Mdoe hakwenda popote. Mkewe kazikwa pale nyuma ya kibanda, na mtoto wao mmoja pembeni yake. Alimwahidi mkewe hatamwacha. Mgambo walipopita kuezua nyumba alijificha msituni, wakaezua yake. Akatoka, akajijengea kibanda cha magome ya miti. Mume wangu akaandikisha kwamba nyumba zote zimeshuka.

Mzee aliponiona mlangoni hakushtuka. Aliweka kijiko chini. Akasema, “Ningekwambia ungekuwa nawe una kosa. Nilitaka wewe uwe huna.”

Nilikaa chini. Nikaomba nimsikilize mgonjwa kifua.

Jumamosi, 22 Juni

Furaha ilidumu njia ya kuteremka tu. Nilikuwa nimeshika mkono wake kama msichana, namcheka kimoyomoyo mwanamke niliyemtengeneza mwenyewe. Tulipokaribia barabara nikaiona ofisi ya kijiji. Salimu kasimama mlangoni anatazama juu.

Nimemwambia Zaina. Mama yake katibu. Nimemwambia mpaka njia.

Sijamweleza Mzee. Anaimba huku anachoma mahindi. Anadhani sasa siri ina watu watatu.

Jumatatu, 24 Juni

Mgambo wawili wamepita nyuma ya shamba la viazi. Hawana kazi kule. Mmoja alinisalimia shikamoo mara mbili, kwa nini mara mbili? Mke wa jirani kaniuliza kama Mzee hajambo siku hizi. Kwa nini asiwe hajambo? Kila mtu anajua. Au hakuna anayejua nami ndimi ninayewajulisha kwa uso wangu.

Zaina hajaonekana tangu wiki iliyopita. Rafiki niliyecheka naye mpaka machozi, leo namwaza kama mwizi.

Jioni nimeshindwa. Nimemwambia Mzee yote, na wasiwasi wangu wa mwanamke pia. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza watu wa nyumba zake. Akavaa kofia, akaenda msikitini kabla ya wakati. Hakula. Hakunikaripia. Angenikaripia ningepona.

Jumanne, 25 Juni

Nimekwenda kwa Zaina. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa. Nikamuuliza kama alisema. Akasema alisema. Siku ile ile, Salimu alipokuwa mezani anakula. Alilisema kama kichekesho, balozi mzima ana kimwana msituni. Mgambo wawili walikuwepo wanakula naye. Wakacheka. Salimu hakucheka.

“Nilitaka kuchekesha tu, Mwanaisha,” akaniambia. “Nyumba ya mwanangu haina wa kuzungumza nami.”

Sijui kama namwamini. Aliuliza njia mara mbili. Lakini mchicha alikuwa anatupa majani anabakiza mashina.

Alhamisi, 27 Juni

Salimu kaja mwenyewe, mchana kweupe, bila mgambo. Shikamoo baba, shikamoo mama. Akakataa kiti, kisha akakubali. Nilimtilia chai, ikamwagika kisahanini.

Akazungumza akiwa anamtazama Mzee. Akasema moshi wa kule juu anauona kila asubuhi anapofungua dirisha la ofisi. Tangu alipofika kijijini. Aliuliza kimya kimya ni wa nani, akaambiwa na mtu mmoja asiyemtaja. Akaamua kwamba hajauona.

“Moshi si kitu, baba,” akasema. “Huku mlimani hata ukungu ni moshi. Sasa limesemwa mezani pangu, mbele ya watu. Siwezi tena kuwa sijasikia.”

Wiki ijayo wanakuja wakubwa kutoka wilayani kukagua. Mzee Mdoe akikutwa kule, atashushwa kwa nguvu na kibanda kitachomwa, na balozi aliyedanganya atachukuliwa. Akikutwa barabarani, hakuna aliyedanganya. Akainuka. Chai aliimaliza yote, kwa heshima.

Kumbe kijana alikuwa amenyamaza. Mume wangu kanyamaza, na yule asiyetajwa kanyamaza. Kilima kizima kilimfunika mzee yule kwa kunyamaza, mimi ndiye niliyefunua. Kwa wivu wa bibi kizee.

Mzee kaniambia leo, mara ya kwanza tangu Jumatatu: “Nimekula blanketi lako na sikukuambia. Nawe ulikuwa na haki ya kuuliza.” Nikamwambia blanketi haliliwi. Tukacheka kidogo, kicheko kibovu.

Jumapili, 30 Juni

Tumempandia Mzee Mdoe wote wawili. Mzee kambembeleza tangu asubuhi. Kamwambia habari za dini, kwamba maiti haachwi na anayemwombea popote alipo. Kamkumbusha jandoni. Mzee Mdoe anatikisa kichwa tu. Akasema wamchome na kibanda chake. Akasema hana la kupoteza.

Mzee alishindwa, akatoka nje kuswali adhuhuri. Nikabaki naye mimi.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya ukunga, kifua chake, dawa, baridi. Hayakuja hayo. Nikamwambia, “Shemeji, mimi sikuja kwa ajili yako. Wewe huna la kupoteza. Mimi ninalo, liko hapo nje linaswali. Nimelipata juzi tu. Uzee wangu hautoshi kulipata jingine.”

Akajiinua kwa kiwiko, akanitazama. Nilidhani amekasirika. Akauliza tumeoana lini. Nikasema Idd. Akasema huyu mjinga hakumwambia, kila Ijumaa anakuja anamlisha uji na kumpa habari za mbuzi.

Kisha akaomba fimbo.

Kabla ya kuondoka alizungukia nyuma. Tukamwacha peke yake huko. Alizungumza na mkewe Kishambaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwambia mke wake anakwenda sokoni na atarudi.

Kushuka tumeshuka jua linawaka, watu wote wanaona. Penye mteremko mkali Mzee alimbeba mgongoni. Njiani tulikutana na wale mgambo wawili. Wakapokea kikapu.

Alhamisi, 4 Julai

Wakubwa wamekuja, wameondoka. Walisimama mlangoni petu wakauliza watu wangapi humu. Mzee akasema watatu. Wakapita.

Mzee Mdoe analala chumba cha nyuma, kifua kinalegea. Halalamiki. Kula anakula kidogo. Kuna saa anakaa ameukabili mlima na huwezi kumsemesha.

Jumatano, 10 Julai

Zaina kaja na mkungu wa ndizi kichwani, na miaka yake ile. Hakupiga hodi, aliutua tu mlangoni. Tumemenya pamoja. Ya nyuma hatukuyagusa. Nampenda. Kuna mambo sitamwambia tena, naye anajua, kwa sababu aliacha kuuliza. Tuliswali alasiri pamoja, mimi na yeye ndani, wazee wawili barazani.

Jumapili, 14 Julai

Leo jua. Nimeanua maharage yamekauka.

Juzi Ijumaa walipanda wote wawili kuzuru kaburi. Salimu kasema kuzuru kaburi si kosa, wapande wanapotaka, walale nyumbani. Walirudi wanabishana ni nani aliyelia zaidi jandoni. Hawajamaliza mpaka leo.

Mzee ameanza tabia mpya. Kila anapotoka ananiaga na kunitajia anakokwenda. Naenda msikitini, Mama Rukia. Naenda kwa fundi. Hata akienda chooni ananiambia. Mwanzo kila neno lilinichoma, nilijiona askari wa mlangoni. Asubuhi ya leo nikamwambia yatosha, nakuamini, nenda tu.

Akasema anajua. Akasema ni kwamba kwa miaka mingi hakuwa na wa kumuaga.

Kisha akasema anakwenda kukata majani ya mbuzi, akaenda.