Nimeziosha Snika za Zaitun

Midia, Koboko. Jumamosi jioni.

Mvua ya jana imeacha uwanja laini kama unga uliokandwa. Mchana jua lilichungulia kidogo, na sasa mawingu yanajikusanya tena upande wa Congo. Kwa kawaida napenda mvua ikinikuta hapa nyumbani. Leo naiombea ipite mbali.

Nimekaa kibarazani na simu yangu. Wageni wa dua wameondoka, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, na Mama amejinyoosha ndani kidogo. Nina jambo la kuandika na sijui pa kuanzia, kwa hiyo naliweka hapa mwanzo kabla sijaogopa.

Leo nimemdanganya Mama, na uongo wangu umempendeza.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: Zaitun alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba hii. Tuliishi wote Arua. Mimi nauza viatu vya mitumba sokoni, yeye alikuwa akisuka nywele saluni, mtaa wa pili kutoka kwangu. Alipata homa, tukadhani ni malaria ile ya siku zote, na haikuwa. Tulimleta nyumbani tukamzika nyuma ya shamba la mihogo. Leo ilikuwa dua yake ya arubaini.

Zaitun alipenda vitu viwili ambavyo mimi sikuona vinavyohusiana: viatu na anga.

Msanii akipanda jukwaani Kampala, kesho yake asubuhi Zaitun anajua alivaa nini miguuni. Alikuza picha kwenye simu mpaka zikabaki nyuzi tu, kisha akatoa hukumu: hii halisi, hii feki. Mama aliziita raba. Zaitun alisema raba ni za kukimbilia shuleni, zake ni snika. Walibishana hivyo kila alipokuja nyumbani, na nadhani wote wawili walifurahia.

Kisha ukaja wakati ambapo wasanii walianza kuvaa vitu vya rangi ya fedha, majaketi yanayong'aa na viatu vya soli nene kama watu wanaojiandaa kuondoka duniani. Soko letu likafuata. Vijana walikuwa wakisimama mbele ya meza yangu na kuuliza, "Ya mwezi iko?" Mimi nilicheka. Zaitun hakucheka. Alinieleza kwamba wanaoshona mavazi ya mwezini siku hizi wanasaidiwa na watu wa mitindo, wale wale wanaoshona nguo za matajiri. "Unaona," akasema, "hata huko juu fundi anahitajika." Akaongeza kwamba mahali ambapo nywele zinaelea lazima watamtafuta msusi, na yeye yuko tayari, wamwambie tu gari linaondokea wapi.

Alinionyesha roketi inayopanda halafu inarudi chini ikiwa imesimama wima, taratibu, kama mwanamke anayeshuka kwenye boda bila kuchafua gauni. Tuliitazama tena na tena mpaka data ikaisha.

Na aliniambia habari za nyayo. Kwamba alama za viatu vya watu wa kwanza kutembea mwezini bado ziko pale pale, kwa sababu huko hakuna upepo wala mvua.

"Wala Shangazi Safina na ufagio wake," akasema.

Shangazi Safina ni dada ya marehemu Baba. Anaishi hapa na Mama, na hakuna jani linaloamka katika uwanja huu kabla yake.

Snika za Zaitun zilitoka kwenye robota langu mimi. Nyeupe, kisigino cha rangi ya fedha, na chini ya soli duara ndani ya duara, kama jiwe lililotupwa majini. Nilikuwa nimemtengea mteja. Zaitun akazivaa, akatembea mpaka meza ya jirani yangu Candiru anayeuza mikoba, akageuka, akarudi, na habari ya mteja ikaishia hapo. Tangu siku hiyo alizivaa kazini, sokoni, kila mahali. Nilimsikia akija kabla sijamwona, kwa sababu ya kushoto ilikuwa na sauti kidogo.

Sasa niandike kuhusu desturi, maana kosa langu liko hapo.

Sijui kwa wengine ikoje. Kwetu, viatu vya marehemu haviguswi na maji kabla ya dua ya arubaini. Vinakaa na vumbi lake. Siku ya dua vinawekwa mlangoni, vidole vikitazama nje, na yule anayepewa anaviosha kwa mkono wake mbele ya watu. Bibi alifanya hivyo kwa buti za Babu, aliyekuwa askari. Alikuwa akisema, anayeosha ndiye anayevaa. Mama hakuacha hata neno moja la hayo.

Ndiyo maana alinipigia simu wiki hii. "Leta vitu yake yote vile iko. Kiatu usiguse."

Nikasema ndiyo, Mama.

Alhamisi nilifungasha nguo za Zaitun. Snika nilizitia ndani ya gunia ninalobebea viatu vyangu vya biashara, kwa kuwa lilikuwa karibu, na kwa kuwa nilitaka kuondokea sokoni moja kwa moja. Nilipofika mezani, nikafanya ninachofanya kila asubuhi. Nikajaza beseni, nikatia sabuni ya unga, nikaweka mswaki na dawa ya meno karibu, nikaanza kuosha.

Kazi hii mikono yangu inaijua bila mimi. Unatoa kamba, unatoa soli ya ndani, unasugua ndani kwanza kisha nje, mpira mweupe unaumalizia kwa dawa ya meno. Halafu unajaza magazeti ndani na kukifunga kiatu kwa karatasi ya chooni, kikauke kivulini kisije kikapata manjano. Nilikuwa nikizungumza na Candiru kuhusu bei ya muhogo. Nilikuwa hata nacheka.

Msichana mmoja wa shule akasimama. "Kaka, hiyo ya fedha iko saizi gani?"

Nilifungua mdomo kumjibu, na ndipo nikatazama nilichoshika.

Candiru hakuelewa. Alidhani nimeona kipande kizuri. "Wewe, hata kiatu ya bibi harusi wako utaosha uweke mezani," akanitania. Aliponiona sicheki, akamwambia yule msichana aende, leo hakuna kitu.

Soli za ndani zilikuwa zinaelea. Siku chache kabla, chumbani Arua, nilikuwa nimezitazama. Zilikuwa na mguu wake mzima. Kisigino kilichochimba upande mmoja, kidole gumba, kisha kidole cha pili kilichokuwa kirefu kuliko gumba, vyote vimeacha vishimo vyeusi vilivyong'aa kwa kukanyagwa. Kidole cha mwisho kiligusa kidogo sana, kama mtu anayepiga hodi huku akitumaini hakuna mtu ndani. Sasa zilikuwa safi. Nilikuwa nimezisugua kwa mswaki mgumu, kwa bidii, kama ninavyofanya kwa wageni nisiowajua. Hata vile vishimo vilikuwa vimefura kwa maji na kusawazika.

Maji ya beseni yalikuwa ya rangi ya udongo. Nilikaa nayo muda mrefu. Mwishowe Candiru aliyachukua akayamwaga mwenyewe, maana wateja walikuwa wanakosa pa kupita.

Njia yote ya Koboko nilijipangia maneno. Mama, nisamehe, mkono wangu ulisahau. Yalikuwa maneno mafupi, na yalikuwa ya kweli.

Leo asubuhi nguo zilitandazwa kwenye mkeka na snika zikawekwa mlangoni. Baada ya dua, Mama aliinama kuzitazama. Akaziinua. Akazinusa.

"Nani naosha hii?"

Wanawake wote walinigeukia. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na kila jicho lilijua kwamba mimi ndiye nimezileta. Yale maneno niliyoyapanga njiani sikuyaona tena.

"Zaitun," nikasema. "Aliziosha mwenyewe, kabla hajaugua."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mama."

Mama alikaa chini kwenye mkeka na viatu mapajani. Nilingoja aulize kitu kimoja tu, chochote, na ningekiri. Hakuuliza. Uso wake ulilegea, kama ambavyo sikuwa nimeuona ukilegea tangu siku ya maziko.

"Mutoto yangu alijua," akasema.

Shangazi Safina ndiye aliyemalizia. "Anayeosha ndiyo navaa. Yeye naosha, yeye navaa. Basi huko naenda na kiatu safi."

Neno likatoka mlangoni likaenda jikoni, likatoka jikoni likaenda kwa wanaume chini ya turubai. Chakula kilipoiva, mama mmoja kutoka Kuluba, ambaye sikumbuki kama amewahi kumwona Zaitun, alikuwa akimweleza mwenzake jinsi marehemu alivyojiandaa, alivyofua kila kitu, alivyoaga. Nilikuwa nagawa maji ya kunawa. Nilisikia yote nikiwa nimeinamisha birika.

Hakuna aliyeziomba tena zile snika. Binti wa mjomba, ambaye zilikuwa zimekusudiwa yeye, alizitazama kwa woga na kurudi nyuma. Kwa hiyo hata huyo nimemnyima.

Wageni walipoondoka, Mama alifanya jambo nisilolitegemea. Alikaa kizingitini, akavua ndara zake, akazivaa zile snika.

Zilimwenea. Sijui kwa nini nilishangaa. Miguu ya Zaitun ilitoka wapi kama si pale? Nilimwona akiingiza mguu wa kushoto, na kidole chake cha pili kilikuwa kirefu kuliko gumba, vile vile kabisa. Nimekitazama kidole hicho maisha yangu yote bila kukiona.

Akashika gauni kidogo na kuanza kutembea. Taratibu, kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi inapoanzia mihogo, upande wa kaburi la mwanawe. Akasimama huko kidogo. Akarudi. Na kiatu cha kushoto kikatoa ile sauti.

Shangazi alikuwa akikausha sahani. "Weee, mama ya Rajabu. Unaenda Kampala kuimba?"

"Naenda mwezi," Mama akajibu.

Wakacheka wote wawili, wakacheka mpaka Shangazi akaweka sahani chini na kujifuta macho kwa kanga. Mimi sikuweza. Nilikuwa nafikiria vile vishimo. Kama nisingeosha, Mama angeingiza mguu, na vidole vyake vingeshuka kimoja kimoja mahali palipochimbwa na vidole vya mwanawe. Angejua bila kuambiwa. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye mguu wake ungeweza kusoma soli ile.

Hicho ndicho nilichokimwaga Alhamisi. Na leo, badala yake, nimempa hadithi.

Mama aliona nyayo alizoacha uwanjani. Duara ndani ya duara, nzima, kali, kutoka mlangoni hadi kwenye mihogo. Alizitazama kama mtu anayemtazama mgeni akija.

"Safina, kesho ufagio isipite hapa," akasema. Na Shangazi, ambaye hajawahi kukubali kuambiwa lolote kuhusu uwanja, akakubali.

Kisha Mama akaja kukaa nami hapa kibarazani. Alikuwa bado amezivaa. Akanigusa goti.

"Rajabu, baba. Siku ile yeye naosha, alisema nini?"

Hakuuliza kwa kunishuku. Aliuliza kama mtu aliyepewa kipande kimoja cha mkate na anajua kwamba kipo kingine. Ningeweza kumpa. Ingekuwa rahisi sana. Ninajua Zaitun angesema nini, ninaijua sauti yake, ningetunga kitu kizuri kuhusu mwezi na msusi na Mama angekibeba mpaka kaburini.

"Nitakuambia kesho, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Anangoja.

Nimejiuliza jioni yote kama ni upendo kumwachia faraja hii. Labda mtu mwenye elimu kuliko mimi angeweza kutetea hivyo. Lakini nikijibu swali lake, kesho kutwa atauliza jingine, na polepole atakuwa analia juu ya msichana niliyemtunga mimi. Zaitun mwenyewe hakujiandaa kwa lolote. Asubuhi aliyoanza kuugua alikuwa akilalamika kwamba snika zake ni chafu na kwamba mimi, ninayeosha viatu vya watu wote wa Arua, sijawahi kuosha vyake. Nilimwambia nitaosha Jumapili.

Hilo Mama halijui. Hilo Zaitun alilisema kweli.

Tone la kwanza limeanguka juu ya bati. Nimeinuka, nimechukua beseni la kufulia lililokuwa limeegemea ukuta, nimeenda kulifunika juu ya alama moja, ile iliyo karibu na mlango, na kuweka jiwe juu yake. Zilizobaki siwezi kuzifunika.

Asubuhi Mama ataniuliza beseni linafanya nini katikati ya uwanja. Nitaanzia hapo.